Maziwa ya Mzee wa Usingizi

Nianze na aibu yenyewe, tusije tukasumbuana huko mbele. Asubuhi ya operesheni ya mwanangu, mtoto alikunywa maziwa kikombe kizima, na aliyesababisha ni mimi. Mama mkwe wangu akasemwa mbele ya watu kwa ajili ya maziwa hayo, nami niko hatua tatu kutoka pale, nimeshika toroli la wagonjwa kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kubarikiwa. Sikusema kitu. Na mimi, wanaonijua watakwambia, si mtu wa kukosa la kusema.

Lakini habari hii si yangu, ni ya Mzee wa Usingizi. Mimi nimeingia humo kwa toroli tu.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui na sikuuliza. Nilimkuta hospitalini kwetu, huku kati ya Njombe na Makambako, nilipoajiriwa kusukuma wagonjwa. Elimu yangu ni Kidato cha Pili. Wengine husema waliacha shule. Mimi na shule tuliachana kwa makubaliano, na nadhani yenyewe ndiyo iliyofurahi zaidi. Yeye kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla hawajapasuliwa, na kuhakikisha wanaamka. Kuanzia mganga mkuu mpaka mpishi, wote tulimwita Mzee wa Usingizi, na aliitika. Mimi aliniita Toroli.

Usingizi wa watu wengine aliuweza, wa kwake ulimshinda. Kanisani kwetu Walutheri alikuwa analala kabla mchungaji hajamaliza salamu. Siku moja mchungaji akasema palepale madhabahuni, "Mwacheni, huyo anaonja dawa zake kama mpishi anavyoonja mchuzi." Mzee akaamka wakati wa Baba Yetu, akaisali kwa sauti kuliko wote, kama aliyekuwepo tangu mwanzo.

Halafu aliogopa sindano. Mtu aliyechoma watoto wa mkoa mzima, siku alipokanyaga msumari akaambiwa achomwe ya pepopunda, alizunguka lile jengo mara mbili akidai anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Na kwenye drafti alikuwa mwizi. Tulicheza kwa vizibo vya soda nyuma ya jiko, na ukigeuka tu kupiga chafya, kizibo chako kimoja kimeshahama. Ukimwambia, anakuangalia kwa huruma: "Toroli, wewe hesabu ilikushinda tangu shuleni."

Sasa mtu huyohuyo mwizi wa vizibo, mtoto hakumdanganya hata siku moja. Ilikuwa kama ugonjwa. Mama anakuja na mtoto mgongoni, njia nzima amemwambia daktari hachomi, daktari anatoa biskuti. Mzee anachuchumaa mbele ya mtoto, anamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene."

Mtoto anaficha uso mgongoni kwa mama.

"Mimi nitakuchoma sindano. Moja. Inauma kama siafu."

Mama anaanza kumkonyeza. Mzee hamuoni. Mtoto anafikiri.

"Siafu mkubwa?"

"Wa kawaida. Na ni mmoja, hana wenzake."

Basi mtoto anatoa mkono. Nimeliona hilo mara nyingi mpaka nikaacha kushangaa, nikabaki naona wivu, maana wangu mimi hata kuoga nawadanganya kwa pipi.

Mwezi wa saba, baridi ya huku kwetu inafanya mishipa ya watoto ijifiche kama panya. Mzee alikuwa anajaza maji ya moto kwenye glavu, anaifunga, anampa mtoto aishike kama kifaranga. Mpaka ahesabu vidole vya kifaranga, mshipa umeshatokeza wenyewe kuona kuna nini.

Ila ukitaka kumjua vizuri, muulize habari za dawa. Kulikuwa na daktari kijana aliyekuja kutoka masomoni, mtu mzuri, viatu vyake vyeupe. Huyo na Mzee walibishana miaka mitatu juu ya dawa gani ya mshipani inafaa kumlaza mtoto. Walibishana kwenye chai, walibishana wakinawa mikono. Mimi nilikuwa katikati na toroli, naelewa nusu, na ile nusu nyingine naichekea ili nionekane nimeelewa zote.

Siku moja nikamuomba Mzee anieleze kwa Kiswahili cha watu. Akasema, "Una binti?"

"Ninaye. Upendo."

"Basi wamekuja wachumba watatu."

Wa kwanza ni thiopentoni. Huyo mzee wa zamani, anakuja unga, unamkoroga kwa maji. Ana adabu, akiingia binti analala mara moja, ila mtoto anakwambia ananusa kitunguu saumu mdomoni kabla hajafumba macho. Kasoro yake, akikosea mlango akamwagika nje ya mshipa, anaunguza nyama. Na akishakaa hataki kuondoka: mtoto anashinda siku nzima amelewa usingizi. Siku hizi hata kumpata ni shida.

Wa pili ketamini. Huyo ni mtu wa shamba, anafanya kazi popote, umeme uwepo usiwepo. Hakati pumzi ya mtoto kwa urahisi, moyo anaupa nguvu. Mtoto aliyepoteza damu, aliyedhoofu, ndiye wa kumpeleka. Lakini ana vituko. Mtoto analala macho wazi, yanacheza huku na huku, mate yanamtoka, na wakati wa kuamka anaona mambo ambayo mimi na wewe hatuyaoni.

Wa tatu propofol. Kijana wa mjini, shati jeupe. Anabana kidogo kwenye mkono anapoingia, watoto wanamlalamikia hapo. Baada ya hapo ni ulaini mtupu, na akiondoka anaacha nyumba safi: mtoto anaamka hatapiki, hapigi kelele, anataka kula. "Lakini huyo," Mzee akasema, "usimwache na binti peke yao chumbani. Anashusha presha, na pumzi anaichukua wewe ukiwa unatazama dirishani. Ukimkaribisha, mkono wako uwe kwenye barakoa na jicho kifuani kwa mtoto."

"Sasa Mzee, binti ungempa nani?"

"Kwanza nimwone binti."

Nilifikiri ananikwepa. Kumbe hilo ndilo lilikuwa jibu, na ndilo alilokuwa akimwambia daktari kijana miaka yote mitatu. Mwanzoni yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ketamini tu, kwa sababu mashine ya kupumulia tuliahidiwa tangu zamani, ikawa kama makaa ya Mchuchuma, kila mwaka yanachimbwa mwakani. Mashine ilipofika kweli, na propofol ikaanza kupatikana, nikamwona asubuhi moja anamlaza mtoto aliyekuja kupasuliwa ngiri kwa ile dawa nyeupe. Daktari kijana akafurahi mpaka akasahau kuvaa kofia.

"Mzee, umeshindwa leo."

"Sijashindwa. Huyu ni binti mwingine."

Alikuwa na daftari kubwa la mistari, na hapo ndipo nilipopandishwa cheo. Mimi ndiye niliyekaa na watoto chumba cha kuamkia, basi akaniambia niandike neno la kwanza la kila mtoto akizinduka, yeye atajaza dawa aliyompa. Alitaka kulinganisha kwa macho yake, si kwa kusikia. Nikaandika. Ukurasa wa propofol unachosha kusoma: njaa, njaa, mama, njaa, nataka ndizi. Wa thiopentoni ni miguno. Wa ketamini sasa. Kuna mtoto wa kike alisema, "Mwambieni huyo ng'ombe ashuke darini." Kuna wa Lupingu, kule ziwani, alivunjika mkono, akaamka akanishika shati: "Baba, vuta wavu, wanatoroka." Nikavuta shuka. Akasema vuta tena. Nimevuta shuka lile mpaka nikatoka jasho, na Mzee amesimama mlangoni ananiambia, "Usiache, Toroli, msimu mzuri huu."

Alisoma daftari kila Ijumaa, akasahihisha herufi zangu kwa kalamu nyekundu. Hakusahihisha maneno ya watoto.

Nikirudi kwenye aibu yangu: majina hayo ya dawa mdomo wangu uliyakataa. Nikazipa yangu. Thiopentoni ikawa Kitunguu, ketamini ikawa Sinema. Propofol, kwa kuwa ni nyeupe pepepe, nikaiita Maziwa. Wiki mbili tu thieta nzima wanasema hivyo. "Huyu tunampa Sinema au Maziwa?" Nilijisikia kama nimegundua umeme. Mzee alicheka kama wengine, halafu akaniambia, "Humu ndani sawa. Usitoke nalo nje jina hilo." Nikaitikia ndiyo Mzee, kwa mdomo uleule.

Upendo alikuwa na miaka mitano, ngiri ya kitovu. Mke wangu alikuwa amejifungua wa pili wiki ile, hawezi kutoka, basi aliyekuja kulala wodini na mtoto ni mama mkwe wangu, kutoka kwao kule misheni. Ni Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku, na mke wangu dini alibaki nayo hiyohiyo. Alikuja na chupa ya chai imejaa maziwa ya ng'ombe wake, kwa ajili ya kesho yake mjukuu akishatoka salama.

Kwetu mkwe hukai naye ukapiga stori. Hata kumtazama usoni hutazami. Unasimama mbali, umegeuka upande, unasema lako kwa ufupi, unaondoka. Jioni ile nesi alishampa maelekezo: baada ya chakula cha jioni mtoto asile wala asinywe kitu mpaka atoke thieta. Mimi nikatoka kazini. Mzee alikuwa ameniambia kesho binti yangu atalazwa kwa propofol, na nilikuwa na furaha, si unajua, kijana wa mjini. Nikasimama kwenye bomba la maji nje ya wodi, nimegeukia ukuta, nikapaza sauti kidogo:

"Mama, kesho asubuhi Upendo atapewa maziwa, ndiyo aingie."

Naye akiwa ameinamia kikapu chake akajibu, "Sawa, baba."

Nikaenda zangu. Angekuwa mtu mwingine ningekaa, ningeeleza, ningetia na chumvi. Kwa mkwe maneno yalikuwa machache, na hayo machache ndiyo yaliyobeba sumu.

Asubuhi nikamleta mwanangu mwenyewe kwenye toroli. Bibi yake anatembea kando. Mzee akachuchumaa mlangoni.

"Kamwene, Upendo. Leo tumboni mwako mna nini?"

Hilo swali alikuwa anamuuliza mtoto, si mzazi. Alisema wazazi wanakumbuka walichotakiwa kufanya, mtoto anakumbuka alichokunywa.

"Maziwa," Upendo akasema.

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe ya bibi. Ya moto."

Nesi akageuka. "Bibi, si uliambiwa asipewe kitu?"

"Niliambiwa."

"Sasa?"

"Nilifikiri anakunywa maziwa ndiyo aingie. Nikaona ya hospitali yatakuwa ya baridi."

"Nani alikwambia maziwa?"

Hapo ndipo ningesema. Mama mkwe wangu akatazama sakafu. Alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole, kidole kingefika, nilikuwa karibu hivyo.

"Ni masikio yangu haya," akasema. "Yamezeeka."

Nesi akamsema. Hakutukana, lakini alimsema kama anavyosemwa mtoto wa shule, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba bibi unataka kuua mjukuu wako. Mzee aliangalia magurudumu ya toroli, halafu mikono yangu juu ya toroli, halafu akafuta jina la Upendo ubaoni.

Baadaye akanikuta kwenye sinki.

"Toroli. Mtoto akilala, koo nalo linalala. Maziwa yanapanda kutoka tumboni, yanakuta mlango wa mapafu uko wazi, yanaingia. Hapo si Sinema wala Kitunguu itakayokusaidia. Unaelewa?"

"Naelewa, Mzee."

"Yule mama masikio yake ni mazima."

Nikanawa mikono ambayo ilikuwa safi.

"Nenda kaseme," akasema.

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho. Siku ya tatu Upendo akalazwa, tumbo tupu. Akasema inabana mkono, akalala katikati ya neno. Akafanyiwa, akaamka. Nikaandika kwenye daftari: njaa. Nililiandika vibaya, lakini Mzee Ijumaa ile hakutia wino mwekundu.

Nyumbani sasa. Mke wangu aliposikia maziwa, alilia, halafu akakasirika, na hasira yote ikapanda basi kwenda kwa mama yake. Mama karibu aniulie mtoto. Mama haambiliki. Na akakata shauri: Upendo haendi tena kulala kwa bibi yake, sikukuu wala likizo. Anayetaka kumwona aje hapa, sisi tukiwepo. Mimi nilikuwa nakula ugali. Nikaendelea kula ugali.

Mama mkwe alikuja mara mbili tatu, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni wa kanisa. Alileta maharage, alileta parachichi. Maziwa hakuleta tena.

Mzee naye hakunitangaza. Angeweza. Daktari kijana alimuuliza ilikuwaje, akasema, "Tumelimaliza." Alichofanya ni kuwa na swali moja. Nikianza tu mzaha wangu pale kwenye drafti, watu wamekaa tayari kucheka, yeye anasogeza kizibo na kuuliza polepole, "Umekwenda?"

Wengine walidhani ananiuliza choo.

"Bado, Mzee."

"Haya, endelea na mzaha."

Mzaha wenyewe unakuwa umeshapoa. Aliniuliza hivyo mpaka siku anastaafu. Tulimpikia pilau, akapewa saa ya ukutani, akasinzia katikati ya hotuba ya mganga mkuu. Daftari aliniachia mimi. Alinikabidhi, akauliza lile neno lake moja, nikamjibu lile langu.

Miaka minne imepita. Mwezi uliopita nilikwenda Makambako kununua vitunguu, upepo wa pale unajulikana, unaweza kukunyang'anya kofia na mawazo. Nikamkuta Mzee sokoni kwenye mitumba, anachagua sweta. Amekonda, lakini ubishi upo: alikuwa anamwambia muuzaji sweta lina tundu, na tundu lenyewe nilimwona akilipanua kwa kidole.

"Kamwene, Mzee."

"Toroli. Nani amekuruhusu utoke bila magurudumu?"

Tukakaa kwenye benchi la mama wa chai. Akaniuliza daktari kijana yupo, nikasema yupo, viatu si vyeupe tena. Akauliza watoto siku hizi wanalazwa kwa dawa gani. Nikamwambia wa ngiri wengi propofol, walioungua na waliovunjika sana bado ketamini, na mara nyingine daktari anazichanganya hizo mbili, kidogo kidogo, kila moja imfunikie mwenzake kasoro. Akafikiri juu ya hilo huku anapuliza chai.

"Amemwoza binti kwa wachumba wawili," akasema. "Na wanaamkaje?"

"Vizuri. Wanaomba chakula, na wachache wanaona ng'ombe."

Alifurahi kwa hilo kuliko kwa sweta. Akauliza Upendo yuko darasa la ngapi, nikamwambia la nne. Tukanywa chai yote. Nikawa nangoja lile swali lake. Nilishaandaa na jibu lilelile, liko mdomoni. Akasimama, akavaa sweta lake, akaniaga. Hakuuliza.

Nikamfuata mpaka kwenye kona ya wauza viazi.

"Mzee, mbona leo huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Kama nimekwenda."

"Mimi nimestaafu," akasema. "Jiulize mwenyewe."

Akaondoka na upepo wake.

Sikurudi nyumbani. Nilipanda gari la kwenda kule misheni, gunia la vitunguu kwenye magoti. Nilimkuta mama mkwe jikoni kwake, anapepeta maharage. Nikasimama nje ya mlango, nimegeukia ukuta kama desturi, nikamwambia ukuta kila kitu: jina la dawa, bomba, toroli, kimya changu. Ungo ukaacha kulia.

"Nilikusikia vizuri siku ile, baba," akasema. "Ulisema maziwa."

"Najua, mama. Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangekufukuza, na kazi yako ndiyo ile. Na mwanangu ana mtoto wa wiki moja." Akapepeta kidogo. "Nilijua utakuja. Sikujua utakawia hivi."

Nikaacha vitunguu mlangoni.

Jioni nikamwambia mke wangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliniangalia muda mrefu kama ananitafutia bei. Halafu akachukua begi, akaanza kukunja nguo za Upendo, moja moja. Akasema likizo hii mtoto anakwenda kwa bibi yake mwezi mzima, na wewe ndiye utakayempeleka, na ukifika utamwomba mama msamaha tena, safari hii si kwa ukuta, nimempigia simu amenieleza.

Kesho yake kazini nikaona nimsimulie Tito, rafiki yangu wa chumba cha kufulia, kabla moyo haujapasuka. Nilimweleza yote, tangu bomba mpaka begi. Tito akakamua shuka mpaka tone la mwisho, akalitundika, akarudi.

"Afadhali umesema," akaniambia. "Mimi siku ile nilikuwa naanua mashuka pale nyuma ya bomba, nikakusikia mwenyewe. Nikamwambia mke wangu, naye akaiambia kwaya. Walutheri wote huku tunajua tangu mwaka ule. Waliokuwa hawajui ni Wakatoliki tu."